Shangazi, lenzi ilinitoka angani na sikumwambia mtu

Kwako shangazi,

Hujambo? Nina umri wa miaka 31, ni mhasibu, ofisi yetu iko Upper Hill na nyumbani ni South B. Mwaka jana, siku yangu ya kuzaliwa, wenzangu walinipeleka Diani nikaruka kutoka kwenye ndege, mgongo wangu ukiwa umefungwa kwenye kifua cha mkufunzi. Tangu siku hiyo kila nikiona ndege ndogo ikipaa kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi, moyo hunienda mbio. Nilijiandikisha kwa mafunzo ya kuruka peke yangu. Kila nikipata likizo na pesa nateremka Pwani, na kufikia sasa nimeruka mara 14.

Nina maswali ambayo siwezi kuwauliza wenzangu ofisini, maana wao wanaona nimeingiwa na wazimu.

La kwanza ni bakshishi. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimelipa pesa nyingi, nikadhani yameisha. Kumbe! Baada ya kutua nilimwona mgeni mmoja akimpa mkufunzi wake bahasha, naye akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimempungia wangu mkono tu nikaenda zangu kula samaki. Naona haya hadi leo. Je, ni lazima kutoa? Kiasi gani? Na sasa nikiwa mwanafunzi, natoa kila siku?

La pili ni leza ya macho. Naona karibu tu, namba yangu ni -5 macho yote mawili. Nikiruka huvaa lenzi za kubandika machoni, ndani ya ile miwani ya kuzuia upepo. Katika mruko wa tisa lenzi ya kulia ilinitoka nikatua naona ukungu, lakini nilitua salama na sikusema kitu. Nimeamua kumaliza shida hii. Kliniki moja hapa mjini imenipa nafasi ya LASIK Alhamisi ijayo, na Jumamosi ya wiki itakayofuata nina safari ya Diani ambayo nimeshailipia. Dada wa mapokezi aliniambia siku mbili zikiisha nitakuwa naona vizuri. Lakini mwenzangu tunayeruka naye anasema warukaji hawaruhusiwi leza, ati jicho litafunguka hewani. Nimsikilize nani? Mkopo wa Sacco umeshapita.

Tukiwa huko marafiki wanataka tupige mbizi za mitungi Ijumaa, kisha turuke Jumamosi. Kuna ubaya? Na mama yangu hajui lolote kuhusu mambo haya. Nimwambie?

Mpenda Anga, South B

*

Mwanangu Mpenda Anga,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeanza na bakshishi, ukamaliza na mama, na katikati ukapitisha jambo moja haraka haraka: lenzi ilikutoka, ukatua ukiona ukungu, hukusema kitu. Utanisamehe, lakini nitaanzia hapo. Hayo mengine yatangoja.

Nami nimetoka huko huko. Niliruka miaka 11, na mingi kati ya hiyo nilikuwa na macho ya -4 na kijisanduku cha lenzi mfukoni. Najua aibu inavyoziba mdomo. Ukiwa mwanamke peke yako kwenye ndege iliyojaa wanaume, hutaki uwe ndiye mwenye kasoro. Hutaki mkufunzi akuambie ukae chini leo. Basi unanyamaza, unakunja parachuti yako, unacheka na wenzako, na usiku hulali.

Wewe ni mhasibu, hebu tupige hesabu. Jicho la -5 lisilo na msaada huona sawasawa mpaka sentimita 20 tu. Kupita hapo ni ukungu. Altimita, kile kipima kimo kilicho kwenye kifundo cha mkono, unaweza kuileta puani ukaisoma. Ardhi huwezi kuileta puani. Unapotua unatakiwa uvute breki zote mbili za parachuti ukiwa kama mita tatu juu ya ardhi. Ukivuta mapema, parachuti inakata mwendo ungali juu kisha inakuangusha. Ukichelewa, unaigonga ardhi kwa mwendo wote. Na kipimo hicho cha mita tatu hakitoki kwenye chombo chochote. Kinatoka kwenye macho mawili yanayofanya kazi pamoja. Lako moja lilikuwa limezimika.

Na usifarijike kwamba mgongoni ulikuwa na parachuti ya akiba na kile kifaa kinachoifungua chenyewe mtu akishindwa. Hivyo humlinda mtu anayeendelea kuanguka kwa kasi. Yako ilikuwa imefunguka vizuri, na katika mchezo wetu wengi huumia wakiwa chini ya parachuti nzima kabisa, katika dakika ya mwisho, wakitua vibaya au wakigongana na mwenzao ambaye hawakumwona. Mtu aliyekuwa akiruka nawe siku ile alikuwa na haki ya kujua kwamba upande wako wa kulia huoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mkufunzi wako, tena kwa simu, usingoje mpaka mkutane. Hatakufukuza. Huenda atagundua miwani yako ya upepo ni kubwa kuliko uso wako, maana upepo wa kilomita 190 hivi kwa saa unahitaji upenyo mdogo tu ili uchomoe lenzi. Atakutafutia inayobana, au ile pana inayovaliwa juu ya miwani ya kawaida, au helmeti inayofunika uso wote. Lenzi zenyewe vaa za siku moja za kutupa. Zile za mwezi mzima ziache. Miwani yako ya kawaida iwe kwenye begi kiwanjani. Funga mkanda wa miwani ya upepo kabla mlango wa ndege haujafunguliwa, na parachuti ikifunguka usiipandishe kwenye paji la uso kama wanavyofanya wengi ili waone bahari vizuri. Iache mpaka miguu iguse nchi.

Kisha mpange pamoja utafanya nini lenzi ikitoka tena, maana inaweza kutoka. Mimi nilifundishwa hivi: fungua parachuti kwenye kimo kile kile ulichopangiwa, kaa mbali na wenzako, tafuta uwanja mpana hata kama utatembea nusu saa kurudi, usipige kona karibu na ardhi, bana miguu pamoja, ukigusa chini jiviringishe. Kama bado wanaweza kukufungia redio, omba redio. Hakuna haya katika kuongozwa kwa redio ukiwa na miruko 14.

Sasa leza.

Mwenzako amekosea na dada wa mapokezi amekosea, ila kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Si kweli kwamba warukaji hawaruhusiwi. Hata wanaanga, NASA iliwaruhusu kufanyiwa upasuaji huu mwaka 2007. Lakini ziko njia kadhaa za kuufanya, na kwa mtu wa mchezo wako tofauti kati yake ina uzito.

LASIK, hiyo uliyopewa, inafanyika hivi. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina unene wa nusu milimita na ushei. Daktari hukata tabaka jembamba la juu, karibu milimita 0.1, akalifunua kama ukurasa wa kitabu uliobaki umeshikana upande mmoja. Leza inachonga chini yake, kisha ukurasa unarudishwa. Hakuna mshono. Ndiyo maana huumwi sana na kesho yake unaona. Lakini ukurasa ule hauungani tena kwa nguvu ya awali, hata miaka ikipita. Hapo ndipo mwenzako alipopata hadithi yake. Kinachoweza kuusogeza ni kipigo: kidole cha mtoto, tawi la mti, goti la mwenzako mkitoka mlangoni mwa ndege. Hutokea mara chache, na likitokea hutengenezwa ukiwahi hospitali. Lakini katika mchezo wako watu hushikana mikono angani, kwa hiyo swali hilo ni lako kuliko la mhasibu mwenzako anayetoka ofisini na kwenda nyumbani.

Njia ya pili ni PRK. Hapa hakuna ukurasa. Ngozi ya juu kabisa ya konea inaondolewa, leza inachonga, na ngozi inaota upya yenyewe ndani ya siku chache chini ya lenzi ya bendeji. Ikishapona hakuna kitu cha kusogea. Gharama yake ni maumivu na subira. Mimi ndiyo niliyochagua. Siku nne za kwanza nilikaa chumbani mapazia yakiwa yamefungwa, machozi yakitiririka, dada yangu akinitilia dawa. Wiki ya pili niliweza kutembea sokoni. Herufi ndogo zilichukua karibu miezi miwili kunyooka. Unapewa matone ya steroidi ya kutumia kwa wiki nyingi, na ni lazima urudi kliniki kupimwa kwa sababu dawa hiyo inaweza kupandisha shinikizo la jicho. Jua letu nalo ni la kuepukwa miezi hiyo, miwani myeusi haitoki usoni.

Iko pia SMILE, ambapo leza huchonga kipande chembamba ndani ya konea na daktari akakivuta nje kupitia tundu la milimita chache. Nayo haina ukurasa. Ukiipata na jicho lako likaifaa, iulizie.

Nasema jicho lako likaifaa kwa sababu bado sijasikia habari ya vipimo katika barua yako, na hilo limenitia wasiwasi. Umepewa siku ya upasuaji. Je, umepimwa unene wa konea? Umechorwa ramani yake? Kila nambari moja ya miwani huondoa takribani maikroni 12 hadi 15 za konea (maikroni 1,000 ni milimita moja), kwa hiyo -5 zako ni kama 60 hadi 75. Ongeza ukurasa wa LASIK, na konea nyembamba inaweza kubaki dhaifu ikaanza kutuna mbele. Wapo watu wenye konea ambayo umbo lake limeanza kuharibika bila wao kujua, na hao leza huwaharibia zaidi. Umeacha kuvaa lenzi? Lenzi hubadilisha umbo la konea, ndiyo maana zile laini huachwa wiki moja au mbili kabla ya vipimo, na ngumu hata zaidi. Ukipimwa ukiwa umezivua asubuhi ile ile, leza itachonga umbo ambalo si lako. Nambari yako imetulia mwaka mzima? Macho yako hukauka? Unakaa mbele ya kompyuta kutwa, kisha unapanda matatu dirisha likiwa wazi na vumbi la Mombasa Road. LASIK huongeza ukavu kwa miezi, na usiku taa zinaweza kuonekana zina duara la mwanga. Na ikiwa una mimba au unanyonyesha, subiri, maana nambari huyumba.

Yote hayo hujibiwi na mapokezi, unajibiwa na daktari. Mwambie wazi kwamba unaruka na una nia ya kuendelea. Uliza jina lake kamili na ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, iko wazi mtandaoni. Uliza bei inajumuisha nini: vipimo, matone, ziara za baadaye, na kurudia kama nambari haikufika sifuri. Bima nyingi za afya huuona upasuaji huu kama urembo na hazilipi, na mkopo wa Sacco ni mshahara wako wa miezi ijayo, kwa hiyo usiingie kabla ya kuandikiwa jumla.

Alhamisi mpaka Jumamosi ile ni siku tisa. Kwa PRK siku ya tisa ndiyo kwanza unaanza kuona. Kwa LASIK unaweza kuwa unasoma gazeti vizuri, na hilo ndilo linalodanganya watu, maana kuona vizuri na kupona si kitu kimoja. Madaktari wengi huzuia michezo ya kugongana kwa mwezi hivi, na kuogelea kwa wiki mbili au zaidi. Utakwenda Diani usiingie baharini, kuna upepo na mchanga, na unataka kuruka? Nafasi ya Alhamisi iahirishe. Nenda Diani na lenzi zako na miwani inayobana, rudi, ziache lenzi, kapimwe kwa utulivu, kisha ufanyiwe upasuaji wakati huna safari yoyote mbele yako. Masika ni wakati mzuri, mawingu hushuka na kuruka hupungua. Mimi nilikaa chini miezi mitatu kamili na sijutii hata siku moja. Siku ya kurudi niliiona pwani yote, kutoka mwamba wa matumbawe mpaka mashamba ya minazi, kwa macho yangu mwenyewe, bila lenzi. Nililia ndani ya miwani ya upepo.

Ujue tu kwamba leza haizuii uzee. Kuanzia miaka arobaini na kitu jicho la kila mtu hupoteza uwezo wa kuona karibu. Mimi sasa barua zenu nazisoma kwa miwani ya kusomea.

Bakshishi si deni, kwa hiyo lala usingizi. Marekani watu wengi huwapa wakufunzi kitu kidogo, Ulaya ni wachache, na kwetu hakuna sheria. Lakini ujue maisha yao. Mkufunzi kwa kawaida hulipwa kwa mruko. Upepo wa kusi ukipiga, au mawingu yakikaa chini, anashinda kivulini akitazama kibendera cha upepo na hapati kitu. Ile noti yako inamfaa. Mimi nilikuwa nikitoa kati ya shilingi 1,000 na 2,000 kwa mruko wa kufungwa pamoja, na kwa mafunzo sikutoa kila siku. Nilitoa nilipofaulu hatua. Mkono ukiwa mtupu, asante yenye jina lake na ujumbe mzuri kwa msimamizi wake vina thamani vilevile.

Ila toa baada ya kutua, kamwe usitoe kabla. Sisi Nairobi tumezoea chai inayotangulia huduma. Kiwanjani pesa iliyotangulia inamweka mkufunzi mahali pabaya, kwa sababu kazi yake ni kukukatalia kuruka siku ambayo hufai kuruka, na hutaki awe na noti yako mfukoni anapofanya uamuzi huo. Mpe yeye mwenyewe mkononi au kwa M-Pesa yake, usitume kwenye till ya kampuni ukitumaini itamfikia.

Na kuna mtu ambaye wageni wote humsahau: yule aliyekunja parachuti uliyotumia mwanzoni. Amepiga magoti juani juu ya turubai, anahesabu mikunjo na kunyoosha kamba moja moja, naye hulipwa kwa kila parachuti anayokunja. Ukiwa na noti moja tu, igawe. Warukaji wana mila kwamba anayefanya jambo kwa mara ya kwanza huwanunulia wenzake bia jioni, ndege ya mwisho ikishatua. Pwani wengi hawanywi, kwa hiyo kreti la soda baridi linatosha kabisa. Wewe una miruko 14 na sidhani umenunua hata moja. Hapo ndipo pa kulipa ile haya yako ya bahasha.

Kuhusu mbizi, geuzeni ratiba. Mkiruka Jumamosi na kupiga mbizi baadaye hakuna shida. Mkipiga mbizi Ijumaa mtapanda ndege isiyosawazisha shinikizo la hewa ndani yake huku gesi ya naitrojeni mliyoivuta chini ya maji ingali mwilini, na inaweza kutoa mapovu kwenye damu na viungo. Acheni saa 24 zipite. Kumbuka pia Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo saa hizo zihesabuni hata kabla ya ndege ya kurudi, na hata kabla ya kupanda treni ya SGR. Na ukiwa na mafua siku hiyo, usiruke, masikio yatakuadhibu wakati wa kushuka.

Mama mwambie. Sikuambii hivyo ili umwombe ruhusa, una miaka 31. Lakini kama una bima ya maisha na yeye ndiye mrithi, soma mkataba kwanza. Nyingi haziwalipi wanaokufa kwenye michezo ya hatari ambayo haikutajwa, na ni yeye atakayebaki na karatasi hizo mkononi. Waandikie bima, pata jibu kwa maandishi. Kisha nenda nyumbani wikendi moja, usimwambie kwa simu. Mwonyeshe kwanza picha ukiwa umetua, parachuti imelala nyuma yako na miguu yako iko kwenye nyasi. Ile ya mlangoni mwa ndege mwonyeshe akikuomba.

Wako,
Shangazi